Magodoro Mia na Sita

Wengine walipewa hotuba. Mimi nilipewa magodoro.
Februari, darasa la kidato cha pili, Shinyalu,
Khasandi akigawa kazi kama mtu agawaye mihogo:
Imbuga, barua za viza. Mmbone, bendera na itifaki.
Lidede, vyoo. Lidede akacheka, kisha akanyamaza.
"Nawe Shivachi una mgongo. Tutafutie magodoro.
Skauti wa nchi kumi na tisa hawawezi kulalia salamu."

Nikabisha milango hadi vidole vikaota sugu.
Shule ya wavulana ikanipa arobaini, pamoja na kunguni wake.
Kanisa la Marafiki, thelathini, kwa sharti la kimya baada ya saa nne.
Mwenye duka la majeneza pale Khayega akasema,
"Sponji ninayo, ila wateja wangu hawana desturi ya kurudisha."
Julai nikafikisha mia na sita.
Nikajua: dunia ikikujia, kabla ya kusema lolote,
huuliza itaweka wapi ubavu.

Wakaja Agosti, na matope yakaja nao.
Duarte wa Ureno, magoti yake mwisho wa godoro.
Pramila wa Nepali akauliza mlima uko wapi;
tukamwonyesha Lirhanda. Akasema, kwa adabu, "Mzuri."
Na Mama Kageha, mwiko mkononi, jasho shingoni,
akanyooshewa mkono wa kushoto na wageni sabini,
mmoja baada ya mwingine, wote wakitabasamu.
Akaniita nyuma ya jiko.
"Shivachi, hawa watoto nimewatukana lini?"
Nikamweleza: kushoto hushika ngao;
ukimpa mtu kushoto, umeiweka chini.
Akautazama mkono wake, unga hadi kiwiko.
"Mimi sijawahi kupewa ngao," akasema, akarudi kwenye ugali.

Godoro la themanini na nane halikulaliwa.
Nililitandika mwenyewe, nikaliwekea kadi:
MUTASIM, WAD MADANI.
Imbuga aliandika barua kumi na moja.
Jibu la mwisho lilisema faili inashughulikiwa.
Kilichofika ni hoja yake, ukurasa mmoja,
na chini kabisa ombi: nisomeeni.

Saa tisa alasiri Khasandi akasimama kuisoma.
Anayeijua Kakamega anaijua saa tisa.
Mvua ikaangukia mabati kama gunia la maharagwe lililopasuka,
hata kamishna aliyekuwa akikohoa
akaonekana kama anacheka.
Khasandi alisoma; tuliona mdomo tu.
Ndipo Moinaecha wa Komoro akapanda kiti
na vitambaa viwili vya kufutia sahani,
akaturushia herufi kwa mikono, moja moja:
T. U. P. A. N. G. E.

Wasiojua Kiswahili wakasoma herufi, wakaulizana maana.
Duarte akafungua kamusi: tukodi nyumba.
Moinaecha akacheka hadi kiti kikayumba.
Lakini hakukosea sana, Duarte.
Miaka yote sisi ni wapangaji katika nyumba ya wakubwa,
kodi tunailipa kwa makofi na gwaride,
na paa likivuja tunaambiwa tusubiri kesho, kesho ni yetu.
Kura ikapigwa ndani ya kelele ile. Sitini na tatu.
Sikuhesabu mimi. Nilikuwa bweni la pili
nikikimbiza magodoro kutoka ukutani kwenda katikati,
maji yakinifuata kama mdai.

Jumatatu nikarudisha yote, mia na sita,
moja safi kuliko lilivyotoka.
Kadi imo mfukoni mwa sare, imelowa pembe.
Mama Kageha alinipa mkono tulipoagana,
wa kulia, kama siku zote.
Kisha akaufikiria kidogo,
akauhamisha mwiko.